Kuhamisha seva za BizTalk kwenda kwenye mashine pepe za wingu: ninavyofanya mimi

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutunza seva zinazounganisha mifumo ya kampuni za mizigo hapa Dar es Salaam. Mfumo wa meli unatoa taarifa, wa yadi unaitaka kwa sura nyingine, wa uhasibu kwa sura ya tatu, na katikati inakaa BizTalk Server inapokea, inatafsiri, inapeleka. Ikifanya kazi vizuri hakuna anayeikumbuka. Ikisimama, kontena linabaki getini na dereva wa lori analala barabarani. Kwa hiyo bosi akisema "tuzihamishie kwenye wingu", mtu wa kwanza kunijia akilini ni yule dereva.

Mwongozo huu ni kwa mwenye BizTalk kwenye chumba cha seva ofisini, anayetaka kuipeleka kwenye mashine pepe za Azure, wingu la Microsoft. Toleo la 2020 ndilo la mwisho, na Microsoft italihudumia hadi Aprili 2030, kwa hiyo siku moja mitiririko yote, yaani njia ambazo ujumbe hupita toka mfumo mmoja hadi mwingine, itabidi iandikwe upya kwenye kitu kingine. Lakini mitiririko mia moja haiandikwi upya kwa miezi mitatu, na kiyoyozi kilichochoka na betri za UPS zilizovimba havitasubiri. Mashine pepe zinakununulia muda.

Anza kwa kuhesabu vinavyopita

Wengi huanza na orodha ya seva. Mimi huanza na orodha ya vinavyopita ndani yake. Toa mipangilio yote kwa amri ya BTSTask ExportBindings, fungua faili, kisha andika kwa kila poti, yaani mlango ambao BizTalk hupokelea au hupelekea ujumbe: inaongea na nani, kwa anwani gani, kwa adapta gani (kiunganishi cha folda, FTP, SQL na kadhalika), akaunti gani inaiendesha, cheti gani kinatumika, na ni nani nitampigia simu ikikwama. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuijaza. Ikibaki wazi, hujamaliza.

Halafu linganisha na kumbukumbu za ujumbe uliopita kweli. Utakuta poti ambazo hazijapitisha kitu kwa muda mrefu. Usiziue haraka. Kazi ya DTA Purge hufuta kumbukumbu za zamani, mara nyingi baada ya siku chache tu, kwa hiyo mtiririko wa kila mwisho wa mwezi au wa kufunga hesabu za mwaka hautaonekana. Nenda kaulize. Nimewahi kukaa na mama mmoja wa uhasibu na karatasi zangu, tukapitia majina moja moja, na kwa nusu saa akaniokolea mitiririko miwili ambayo nilikuwa nimeichorea mstari mwekundu.

Siri kuu

Hapa nakuomba usome taratibu. BizTalk huhifadhi manenosiri ya poti zake ndani ya hifadhidata ya SSODB yakiwa yamefungwa kwa ufunguo mmoja, unaoitwa siri kuu. Ufunguo huo unakaa kwenye seva moja tu. Ukipotea na huna nakala, SSODB yako ni sanduku lisilofunguka, hata kama bakapu za hifadhidata zote ziko salama.

Na hatari yake haionekani mapema. Seva iliyoshika siri ikifa, nyingine zinaendelea kufanya kazi kwa sababu zina nakala kwenye kumbukumbu ya muda (RAM). Siku utakapozizima na kuziwasha ndipo zinakataa. Mtu anaweza kuishi wiki nzima akidhani mambo ni shwari.

Toa nakala leo, hata kama huna mpango wa kuhama:

ssoconfig -backupsecret C:\Siri\sso.bak

Itakuuliza nenosiri na kidokezo chake. Peleka faili mahali pengine, nje ya seva hiyo, na nenosiri liwekwe mahali tofauti na faili. Kisha jaribu kulirudisha faili hilo kwenye mashine ya majaribio kwa ssoconfig -restoresecret. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu. Niliwahi kuipokea kazi kwenye kampuni moja nikakuta faili lipo, limetunzwa vizuri, ila aliyejua nenosiri alishaondoka na hapatikani. Bahati seva ilikuwa bado hai, tukatoa nakala mpya mchana uleule.

Kubeba au kujenga upya pembeni

Njia mbili. Ya kwanza ni kubeba hifadhidata zote kama zilivyo. Hapo utegemee bakapu za kazi ya Backup BizTalk Server peke yake, kwa sababu ndiyo inayoweka alama moja kwenye kumbukumbu za miamala (log) za hifadhidata zote ili zirudi kwenye dakika ileile. Bakapu za kawaida za SQL zitakupa MsgBox (hifadhidata ya ujumbe ulio njiani) ya saa nne na Mgmt (ya mipangilio) ya saa nne na nusu, na hizo mbili hazitaelewana. Ukisharudisha kwenye seva yenye jina jipya, hariri SampleUpdateInfo.xml kwenye folda ya Schema\Restore, endesha UpdateDatabase.vbs, kisha UpdateRegistry.vbs kwenye kila seva ya BizTalk. Na wakati uko hapo, angalia diski ya bakapu: kazi ile husafisha historia kwenye jedwali, faili zenyewe haizifuti. Nimeona diski ikijaa kwa sababu hiyo zaidi ya mara moja.

Njia ya pili ni kujenga kundi jipya la seva za BizTalk huko kwenye wingu, kupeleka programu kwa faili za usakinishaji (MSI) na mipangilio, na kuhamisha mtiririko mmoja mmoja huku kundi la zamani likiendelea. Mimi nachagua hii karibu kila mara. Ni ya polepole, lakini likitokea la kutokea unarudisha mtiririko mmoja tu, si kampuni nzima. Jua mambo mawili. Mipangilio iliyotolewa haibebi manenosiri, itabidi uyajaze upya moja baada ya jingine, kwa hiyo yakusanye mapema. Pia okestresheni, yaani michakato ya hatua nyingi ndani ya BizTalk, zilizolala katikati ya kazi zikisubiri jibu hazihamishiki kwa njia hii. Funga vituo vya kupokea kazi mpya upande wa zamani, vya majibu viache wazi, ziache zimalizie zenyewe mpaka hesabu ifike sifuri.

Usiruhusu pande mbili zipokee kwa wakati mmoja kutoka folda moja ya FTP. Adapta ile haifungi faili inapolisoma, hivyo ankara moja itaingia mara mbili.

Mashine zenyewe

Hapa sikai sana. Eneo la Azure lililo karibu nasi liko Johannesburg. Weka BizTalk mbili kwenye kanda tofauti za eneo hilo, na SQL Server kwenye mashine zake. Diski za data na za kumbukumbu za miamala zitenganishwe, zifomatiwe kwa vipande vya KB 64, kache ya kusoma tu kwa data na bila kache kwa kumbukumbu. Diski ya D: inayokuja na mashine nyingi ni ya muda, mashine ikihamishwa vilivyomo vinapotea, kwa hiyo usiweke humo folda za kupokelea faili. Mpe mtunza hifadhidata wako onyo kuhusu MAXDOP, mpangilio wa vichakataji vingapi vifanyie kazi swali moja: kwenye SQL yenye MsgBox ni 1, na ibaki 1, hata kama chombo chake cha ukaguzi kinampigia kelele.

Barua pepe kwa poti 25 huzuiwa kwenye akaunti nyingi za Azure, panga njia nyingine. Na trafiki inayotoka iwe na anwani moja ya IP isiyobadilika, kwa sababu washirika wako wataiandika kwenye faiawoli zao. Waombe mapema sana. Kuna mshirika alinichukulia wiki tano kuongeza mstari mmoja.

MSDTC ndiyo itakayokula muda wako. BizTalk na SQL hukubaliana kupitia hiyo kwamba muamala umekamilika, na haikubali kupita kwenye NAT, yaani kifaa kinachobadilisha anwani za IP njiani. Ziweke seva hizo kwenye mtandao mmoja, fungua poti za mtandao 135 na zile za 49152 hadi 65535, hakikisha kila mashine inaitambua nyingine kwa jina fupi kutoka pande zote mbili. Kama mashine zilinakiliwa kutoka picha moja ya diski (image), huenda zina kitambulisho kimoja cha DTC na hazitaongea kamwe. Dawa ni msdtc -uninstall, kisha msdtc -install, na kuwasha upya. Jaribu kwa DTCPing kabla hujasakinisha BizTalk.

Vyeti navyo vina mahali pake. Cheti chenye ufunguo binafsi kinakaa kwenye hifadhi ya akaunti inayoendesha hosti (huduma ya Windows inayofanya kazi za BizTalk), siyo ya kwako. Ingia kwa akaunti hiyo ndipo ukiweke. Vya washirika vinakaa kwenye hifadhi ya mashine, folda ya Other People.

Saa

Mashine pepe za Azure huzaliwa zikifuata UTC. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kituo cha kupokea kilichopangwa kufunguka saa mbili usiku kitafunguka saa tano, na ramani, yaani kanuni ya kutafsiri ujumbe, inayoandika muda wa kontena kutoka getini itaandika muda wa saa tatu nyuma. Hakuna kosa litakaloonekana popote, ila gharama za kukaa yadini zitahesabiwa vibaya. Kabla ya jambo lolote jingine kwenye mashine mpya:

tzutil /s "E. Africa Standard Time"

Namba ya bahasha

Hili lilinipata mwenyewe. Tulihamisha mtiririko wa CODECO, ule ujumbe wa EDIFACT (muundo wa kimataifa wa kubadilishana nyaraka za biashara kati ya kompyuta) unaosema kontena limeingia au limetoka getini. Ijumaa usiku kila kitu kilikuwa kijani, nikaenda kulala. Jumamosi asubuhi simu kutoka getini.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, vipi?"

"Huku tunatoa mizigo kama kawaida, lakini wenzetu wa meli wanasema tangu usiku hawajaona hata kontena moja."

Nikafungua faili la kwanza lililotoka upande mpya. Mstari wa juu kabisa, UNB, ambao ndio bahasha ya ujumbe, kipande cha tano baada ya mtumaji, mpokeaji na muda, kulikuwa na namba 1. Nikafungua la mwisho la upande wa zamani: 48213. Kundi jipya lilianza kuhesabu upya, na mfumo wa mshirika uliokumbuka namba zote za nyuma ukaona bahasha iliyokwisha kupokelewa. Ukazitupa zote kimya kimya. Kwetu zilionekana zimefika, na ni kweli zilifika.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuhama naandika namba ya mwisho ya kila mshirika. Kwenye makubaliano ya mshirika upande mpya, sehemu ya bahasha, UNB5 naipa mwanzo wa juu zaidi, kwa mfano 60000, ili hata ujumbe utakaotoka dakika za mwisho upande wa zamani usigongane nao. Na kila kinachotoka kinawekewa nakala kwenye folda. Asubuhi ile folda hiyo ndiyo iliyotuwezesha kutuma upya yote.

Mkongo ukikatika

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti hapa kwetu ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Kama BizTalk yako iko Johannesburg na geti liko Kurasini, siku kama ile muunganisho wako ni wa kubahatisha au haupo kabisa. Muulize mtoa huduma wako trafiki inapita mkongo upi, na njia ya akiba ipite kwingine. Kisha acha mashine moja ndogo ofisini inayokusanya faili za yadi kwenye folda na kuzisukuma juu njia ikirudi. Geti liendelee kuandika kwenye folda hiyo hata mawasiliano yakiwa yamekufa.

Na kama ndani ya ujumbe mna majina na namba za simu za watu, zungumza na mwanasheria kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, maana unazitoa nje ya nchi.

Usiku wa kuhama na baada yake

Mtiririko mmoja, saa yenye kazi chache, mtu wa upande wa pili akiwa kwenye simu. Funga kupokea kwa zamani, subiri sifuri, fungua kupokea kwa mpya, tuma ujumbe mmoja wa kweli, na usishuke kitini mpaka yule wa upande wa pili aseme ameuona kwenye skrini yake. Jibu la seva yake halitoshi.

Seva za zamani usizifute kwa angalau mzunguko mmoja wa kufunga mwezi. Ila kuzizima tu hakutoshi. Umeme wetu mnaujua: unakatika, unarudi, na mashine iliyopangwa kujiwasha inajiwasha, hosti zinaamka na kuanza kuvuta faili. Ingia kwenye huduma za Windows, kila hosti ya BizTalk iwekwe Disabled, kisha chomoa waya wa mtandao nyuma ya seva na ubandike karatasi yenye tarehe na jina lako.