Sauti inayokusema usiku, iulize inaogopa nini

Ukishalala halafu sauti ya ndani ikaanza, "umeharibu tena, hufai," usiikemee. Ukiikemea ndiyo inapanda. Jaribu hivi: keti kitandani, weka mkono kifuani pale panapobana, na badala ya "mimi ni mwoga" sema "kuna sehemu yangu inaogopa." Maneno machache tu, lakini sasa mko wawili, na mmoja anaweza kumsikiliza mwenzake.

Kisha iulize, polepole, kama unavyomuuliza mtoto aliyejificha nyuma ya mlango: ukiacha kunisema, unaogopa kitatokea nini? Yangu ilijibu, "utaaibika mbele za watu kama siku ile darasani." Kumbe ni mlinzi, tena wa zamani, hana habari kwamba nimeshakua.

Njia hii aliianzisha Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani, miaka ya 1980, baada ya kuwasikia wateja wake wakitaja sehemu zao za ndani kama vile ni watu. Anayesali hataiona ngeni: katika Zaburi ya 42 mwimbaji anaiuliza nafsi yake mwenyewe kwa nini imeinama. Mimi humalizia kwa dua fupi, nikiitaja sehemu hiyo kama ninavyomtaja ndugu mgonjwa.

Ikikupeleka kwenye kumbukumbu nzito, za kupigwa au kubakwa, simama hapo hapo. Hiyo nenda nayo kwa mshauri nasaha. Mchungaji au shehe wako naye akijua si vibaya, mradi asikuambie ni pepo kabla hajakusikiliza.