Somo: Kuunganisha spika mbili za stereo kwenye Raspberry Pi kwa MAX98357A

Wakuu, kompyuta ndogo za Raspberry Pi aina ya Pi Zero na Pi 5 hazina tundu la hedifoni, na hata Pi zenye tundu hilo haziwezi kusukuma spika bila amplifaya. Mimi napendelea njia ya I2S (waya za kupitisha sauti ya kidijitali kati ya chipu): sauti inatoka ikiwa ya kidijitali, chipu ya MAX98357A inaigeuza na kuikuza papo hapo. Kila chipu ina chaneli moja, hivyo andaa bao mbili ndogo zenye chipu hiyo. Kwa volti 5, spika ya ohmu 4 hupata takriban wati 3. Ya ohmu 8 hupata kama nusu yake.

Hatua 1. Zima Pi, chomoa umeme.

Hatua 2. Unganisha bao zote mbili kwenye pini zilezile za Pi (hesabu nafasi ya pini, si namba ya GPIO): Vin (umeme) pini 2, GND pini 6, kisha waya za I2S: BCLK pini 12, LRC pini 35, DIN (data) pini 40. Ndiyo, zinagawana waya. Data ya kushoto na kulia hupita humo kwa zamu.

Hatua 3. Hapa ndipo wengi hukwama. Pini ya SD ya ubao wa amplifaya (si kadi ya SD) ndiyo inayochagua chaneli kwa volti inazopata. Chini ya 0.16 chipu inalala, 0.16 hadi 0.77 inachanganya chaneli zote mbili, 0.77 hadi 1.4 inatoa kulia; zaidi ya 1.4 inatoa kushoto. Bao nyingi huja na rezista ya megaohmu 1 kutoka SD hadi Vin, na ndani ya chipu kuna kiloohmu 100 kwenda GND. Hesabu yake ni volti 0.45, yaani mchanganyiko, ndiyo maana spika zote mbili hulia sawa. Ubao wa kushoto: unganisha SD na Vin. Wa kulia: lehemu kiloohmu 560 kati ya SD na Vin, utapata kama volti 1.09. Rudisha umeme, pima volti za SD kwa mita kabla ya kuendelea.

Hatua 4. Kwenye faili la mipangilio ya Pi, /boot/firmware/config.txt, weka alama ya # mbele ya dtparam=audio=on, ongeza dtoverlay=hifiberry-dac, washa upya. Jaribu:

speaker-test -c2 -t wav

Swali: Mkuu, alsamixer (programu ya kurekebisha sauti) haionyeshi sauti ya kupunguza.
Jibu: Chipu haina kidhibiti cha sauti. Tumia softvol (kidhibiti sauti cha kiprogramu) ya ALSA, mfumo wa sauti wa Linux, au punguza kwenye programu unayopigia muziki.

Swali: Naweza kuunganisha hasi za spika zote na GND ili kuokoa waya?
Jibu: Hapana kabisa, ndugu. Ncha zote mbili za spika zinasukumwa na chipu, hakuna iliyo ya GND. Kila spika iwe na waya zake mbili.

Swali: Nikipandisha sauti Pi inajiwasha upya.
Jibu: Volti zinashuka besi inapopiga. Zipe amplifaya adapta yao ya volti 5, yaani chomoa Vin zao kwenye pini 2 uziunganishe na adapta hiyo, lakini GND zote zibaki zimeunganishwa pamoja.