SOMO: Kubadilisha jiwe la grainda (someni hapa kabla ya kuniuliza tena)

Wadau, habari za kazi. Wiki hii nimeulizwa mara sita: "Fundi, jiwe la inchi 7 linaingia kwenye grainda ndogo?" Linaingia. Tundu lake na la inchi 4.5 ni sawa, milimita 22.23. Shida inaanzia hapo hapo. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia hii.

1. Chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

2. Subiri jiwe lisimame lenyewe. Usilikandamize kwenye ubao ili lisimame.

3. Bonyeza kitufe cha kushikia shafti, fungua nati kwa spana yake. Sio kwa patasi na nyundo, nawaona.

4. SOMA JIWE. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo mnivumilie.

Ulikuwa msimu wa korosho, pesa zimetoka, kila mtu anataka geti. Mteja wa Mikindani analitaka lake Ijumaa. Mawe madogo yameniishia saa sita na nusu, duka limefungwa, watu wako swala. Kwenye sanduku lipo jiwe moja la inchi 7. Nikavua kava ili lipate nafasi, nikajiambia ni mikato miwili tu. Mkato wa kwanza ukapita vizuri. Wa pili, skwea paipu ikalibana, nikasikia mlio kama bati linachanwa. Kipande kimoja kilipasua suruali pamoja na paja, nikashonwa nyuzi tisa. Kingine kiliingia kwenye shina la mkorosho ulio uani. Kimo mpaka leo, gome limeanza kukifunika.

Hesabu yenyewe ni hii. Juu ya jiwe la inchi 7 la kukatia utakuta kikomo cha mizunguko, kwa kawaida 8,500 kwa dakika. Grainda ya inchi 4.5 nyingi zinazunguka 11,000. Jiwe limetengenezwa ukingo wake usizidi mita 80 kwa sekunde, ambayo tayari ni kilomita 288 kwa saa. Ukilifunga kwenye mashine ndogo unalipeleka mita 100 na zaidi. Namba ya jiwe lazima iwe sawa na ya mashine au iizidi. Ikiwa chini, rudisha dukani. Hata "kidogo tu" hapana. Na kama kava linakuzuia, kava ndilo lenye akili kati yenu wawili.

Tazama pia kile kipete cha chuma katikati ya jiwe. Pana herufi V, mwezi na mwaka, huo ndio mwisho wa matumizi. Gundi inayoshika punje za jiwe inachoka.

5. Nati ina pande mbili. Kwa jiwe jembamba la kukatia, upande bapa ndio unaogusa jiwe. Kaza kiasi, usilivunje kwa nguvu zako.

6. Rudisha kava, likae kati ya jiwe na wewe.

7. Vaa miwani, washa grainda ukiwa umeielekeza pasipo mtu, iache izunguke dakika nzima kabla ya kugusa chuma.

MASWALI

Kijana wa Masasi: Mkuu, kwa hiyo hata nikitoa kava, jiwe la inchi 7 halifai?

Jibu: Hatua ya 4.

Kijana wa Masasi: Nimesoma, ila mimi nina uzoefu miaka kumi.

Jibu: Mimi nilikuwa na minane. Paja ninalo, ukipita Mtwara njoo ulione.

Dada wa grili, Nachingwea: Fundi shikamoo. Nina mawe yalikaa stoo masika yote, sakafu inatoa jasho. Tarehe bado. Halafu mzee mmoja alinifundisha kuligonga jiwe nisikilize mlio, ni kweli?

Jibu: Marahaba dada, maswali kama haya ndiyo nayataka. Unyevu unaidhoofisha ile gundi hata kama tarehe haijafika, na sisi wa pwani ndio tunaumia zaidi. Yaliyolowa au kupinda yatupe. Yanayobaki yalaze bapa kwenye rafu, mbali na sakafu. Mzee wako hakukosea, ila kugonga ni kwa yale mawe manene ya mashine ya mezani: zima linalia kama kengele, lenye ufa linalia butu. Haya membamba ya gundi hayalii hivyo, kwa hiyo ukimya wake usikutishe na mlio wake usikudanganye. Tumia macho.

Mwashi wa Kilwa: Mbona kwangu grainda inaruka ghafla kuja usoni?

Jibu: Unakata katikati ya vigogo viwili, chuma kinajikunja na kulibana jiwe. Weka egemeo ili upande unaokatwa udondoke wenyewe. Na usisimame kwenye mstari wa jiwe, kaa pembeni kidogo.

Gereji Lindi: Dukani wananiuzia yaliyopita tarehe, bei nusu. Wewe unajifanya mtaalamu, sisi tunatafuta riziki.

Jibu: Riziki natafuta na mimi. Nimekuonyesha pa kusoma, pesa ni zako.

Fundi wa Ndanda: Niongezee moja, mkuu. Jirani yangu ana stoo ya magunia ya korosho. Cheche iliruka, gunia likafuka taratibu, tukastuka baada ya nusu saa.

Jibu: Asante sana kaka. Juti inaficha moto. Cheche zielekeze ukutani, ndoo ya mchanga karibu, na ukimaliza usiondoke mara moja.

Dada wa grili, Nachingwea: Na zile paipu za zinki? Nikichomelea, usiku napata homa na baridi. Wananiambia ninywe maziwa.

Jibu: Maziwa yanaenda tumboni dada, moshi wa zinki umeingia kwenye mapafu. Isage zinki mahali pa mshono kabla ya kuchomelea, ukiwa na barakoa ya vumbi. Fanyia kazi nje, upepo utoke ubavuni kwako, kichwa kisiwe juu ya moshi. Homa ile mara nyingi inaisha kwa siku moja au mbili. Kifua kikibana, usisubiri kesho, nenda hospitali.