Kifurushi Kikubwa, Faili Linajikokota: Pa Kuanzia Kutafuta Tatizo

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Fundi, nalipia 100, mbona faili linashuka kwa 12?" Huyo hata simwendei. Kifurushi cha intaneti huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, kivinjari huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 100 kwa 8 upate 12.5. Anapata haki yake yote. Wewe unayelipia 100 na faili linashuka kwa 2, twende pamoja.

Hatua ya 1: Weka wifi kando

Chomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, kisha shusha faili lile lile. Kasi ikipanda, tatizo ni wifi. Ruta nyingi hurusha masafa mawili: GHz 2.4 hufika mbali lakini husongamana na ruta za majirani. GHz 5 ina kasi zaidi, ila kuta huichosha upesi. Kwenye nyumba za zamani za mawe, zenye kuta nene, hata sihangaiki nayo; navuta waya.

Hatua ya 2: Ushuku na waya

Hapa nimewahi kutoka jasho. Mteja mmoja wa Nyali alikuwa na kifurushi cha 300, na kwa waya kila faili lilishuka kwa 11. Asubuhi 11, usiku 11. Ruta nikabadilisha, wapi! Ukiona namba imeganda hapo, ujue ni waya au tundu lake. Ndani ya waya mna nyuzi 8, jozi 4, na kasi ya gigabiti 1 inazitaka zote. Mmoja ukikatika, mara nyingi ruta na kompyuta hukubaliana kimyakimya kushuka hadi megabiti 100, yaani hizo megabaiti 11 au 12, bila taa wala onyo. Waya wa huyu ulipita chini ya mlango, na mlango ulikuwa ukiubana kila siku.

Kwenye Windows 11 fungua Settings, kisha Network & internet, kisha Ethernet, usome Link speed. Ikiwa 100/100, badilisha waya. Isipobadilika, angalia matundu ya ruta. Ruta za bei nafuu nyingi hazivuki 100.

Hatua ya 3: Pima njia ya faili lenyewe

Kipimo cha kasi huchagua seva (kompyuta inayokutumia data) ya karibu, pengine iliyo ndani ya mtandao wa mtoa huduma wako. Faili lako huenda liko Frankfurt. Seva hutuma fungu la data, kisha hungoja jibu kwamba limefika. Fungu likiwa la kilobaiti 64 na safari ya kwenda na kurudi ikichukua milisekunde 160, hupati zaidi ya kilobaiti 400 kwa sekunde, hata ulipie 1000. Mifumo ya siku hizi hukuza fungu hilo, lakini data ikipotea njiani, fungu hupunguzwa tena.

Dawa ni kufungua njia kadhaa kwa pamoja. Mimi hutumia aria2, programu ya kushushia faili inayoendeshwa kwa kuandika amri; hapa inafungua njia 8:

aria2c -x 8 -s 8 kiungo-cha-faili

Kasi ikiruka, kilichokubana ni umbali, au seva inayogawa kwa kibaba kwa kila muunganisho. Isiporuka, shusha faili la tovuti nyingine. Hilo likienda mbio, seva ya kwanza imeelemewa. Tafuta nakala ya karibu au rudi usiku.

Hatua ya 4: Kompyuta yenyewe

Kama unatumia VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, izime ujaribu tena. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, utazame Disk: ikiwa 100%, au unahifadhi kwenye flashi kuukuu, intaneti haina kosa.

Ukifika hapa bila nafuu, ulizia kwanza kama kuna waya uliokatika baharini. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nilikataa kugusa ruta ya mtu. Kama bahari ni shwari, mpigie mtoa huduma na umpe vitu vitatu: kasi uliyopima kwa waya, kiungo cha faili, na saa uliyojaribu. Ukimwambia tu "neti iko slow", atakwambia uzime ruta uwashe.