Kabla ya kuja kuiona Unguja ya Vuta N'Kuvute

Tangu filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji itoke mwaka 2021, jamaa zangu wa Dar hawaishi kuniomba niwatembeze Mji Mkongwe kwa siku moja. Nawapokea kwa furaha, ila nawaambia: iangalieni kwanza. Mwenye nafasi asome na riwaya ya Adam Shafi iliyoizaa. Hadithi ni ya miaka ya 1950, Mwingereza bado anatawala, na asiyewajua wahusika wake Yasmin na Denge atapita vichochoroni akaona kuta zilizobanduka chokaa, basi.

Kitambulisho usisahau. Tiketi ya kurudi kata mapema, hasa karibu na sikukuu. Upepo wa kusi ukivuma, kati ya Juni na Agosti, bahari huchafuka. Mwenye kichefuchefu ale kidogo kabla ya kupanda boti. Masika nayo hulowesha mitaa, vaa viatu visivyoteleza.

Nguo ni jambo kubwa zaidi. Mabega na magoti yafunikwe, kanga moja mkobani inatosha kumstiri aliyejisahau. Mji huu si jukwaa la kuigizia, watu wanaishi humo. Mwaka juzi mpwa wangu alimpiga picha bibi mmoja aliyekuwa akichagua mchele barazani, bila hata salamu. Bibi akajifunika uso kwa mtandio, akachukua ungo wake, akaingia ndani, komeo tukalisikia. Niliona haya. Alasiri tukarudi, tukapiga hodi, tukatoa salamu na kuomba radhi. Akatukalisha pale pale barazani, akamwonyesha kijana misumari ya shaba ya mlango wake, mmoja mmoja, na ule uliong'oka ukabaki tundu tangu yeye mwari. Picha akaruhusu mwenyewe, ya mlango, si yake.

Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, msiijengee matumaini ya kuingia: sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa. Ramadhani msile wala kunywa hadharani mchana.

Vyakula vya Forodhani, bustani ya ufukweni, huchangamka magharibi, na boti ya kurudi haiwasubiri. Kwa hiyo urojo nyweni mchana, wenye kachori na chipsi za muhogo juu, kisha muwe bandarini saa nzima kabla.