Uzamili wa Sayansi ya Mvinyo Ughaibuni: Anza na Kalenda ya Mavuno

Wengi wanaotaka kusoma sayansi ya mvinyo huanza kwa kupekua orodha za vyuo bora. Mimi nakushauri uanze kwa kuuliza zabibu zinaiva lini huko unakotaka kwenda. Ufaransa, Ujerumani na California mavuno huwa kati ya Agosti na Oktoba. Australia, New Zealand na Afrika Kusini ni Februari hadi Aprili. Msimu ni mmoja kwa mwaka, na nusu ya elimu hii iko kiwandani wakati wa msimu huo. Viza ikichelewa ukafika zabibu zimeshakamuliwa, umepoteza mwaka mzima wa kujifunza kwa mikono. Kwa hiyo ihesabu safari yako kurudi nyuma kutoka tarehe ya mavuno. Faida yake ni kwamba ukishamaliza msimu wa kaskazini unaweza kuvuka kwenda kusini ukafanya wa pili ndani ya miezi kumi na miwili, na wenye viwanda hulithamini sana hilo.

Pia ujue unaomba kitu gani. Master of Wine, ambayo mtihani wake ulianza London mwaka 1953, ni hadhi ya kitaaluma ya biashara ya mvinyo. Si shahada ya chuo kikuu. Ufaransa nako, ukitaka kujiita œnologue, yaani mtaalamu wa sayansi ya mvinyo, unahitaji diploma ya taifa iitwayo Diplôme national d'œnologue, na hiyo husomwa kwa Kifaransa. Kama Kifaransa chako bado hakijakaa sawa, ipo programu ya Vinifera EuroMaster: mwaka wa kwanza unasoma Montpellier kwa Kiingereza, wa pili unahamia chuo shiriki katika nchi nyingine ya Ulaya. Vyuo vya Davis (California), Adelaide (Australia), Stellenbosch (Afrika Kusini) na Geisenheim (Ujerumani) navyo vimebobea kwa miaka mingi. Kama tayari una ukaazi wa kudumu mahali ulipo, uliza kwanza ada ya mkaazi kabla hujatazama ng'ambo nyingine.

Sasa masomo yenyewe. Hii ni kemia na mikrobiolojia, na mwenye shahada ya biashara au utalii atatakiwa kurudi kuziba mapengo. Chukua salfa dioksidi, inayokinga mvinyo dhidi ya bakteria na oksijeni. Inayoua vijidudu ni sehemu ndogo tu ya salfa iliyo huru, yaani isiyoshikamana na vitu vingine ndani ya mvinyo, na ukubwa wa sehemu hiyo unategemea pH, kipimo cha asidi ambacho namba yake hushuka kadiri asidi inavyozidi. Ukitaka sehemu hiyo inayoua vijidudu ifikie miligramu 0.8 kwa lita, mvinyo wenye pH 3.0 unahitaji takriban miligramu 13 za salfa huru kwa lita. Wenye pH 3.5 unahitaji kama 40. Namba 3.0 na 3.5 zikiwa kwenye karatasi zinaonekana jirani. Kwenye pipa ni mara tatu ya dozi, na asiyeelewa hesabu hiyo ataharibu mavuno ya watu. Kama hukumbuki logi za hesabu na pKa (namba inayoonyesha nguvu ya asidi), zirudie sasa, kabla ya kuandika barua ya maombi.

Jambo ninalokuomba ulishike kuliko yote ni hewa ukaa. Lita moja ya maji ya zabibu yenye gramu 200 za sukari ikichacha hutoa zaidi ya lita 50 za hewa hiyo. Tangi la lita 5,000 basi hutoa zaidi ya lita 250,000, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama chini, hasa ndani ya tangi unapotumwa kuzoa maganda. Huioni. Usiingie bila kipima hewa, feni na mtu aliyesimama nje anayekuangalia. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate, piga kengele. Watu hufa wawili wawili kwa sababu hiyo. Mkubwa wako wa kazi akikuambia ni dakika moja tu, kataa.

Kuhusu saa za kazi: wakati wa mavuno zamu yenye urefu wa saa 12 ni kawaida, ilhali viza ya mwanafunzi ina kikomo. Australia kwa kozi za darasani ni saa 48 kwa wiki mbili muhula ukiendelea, Ufaransa ni saa 964 kwa mwaka. Mafunzo ambayo ni sehemu ya lazima ya kozi mara nyingi huhesabiwa kivyake, lakini lipate jibu hilo kwa maandishi kutoka ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini mkataba.

Na kama hunywi pombe, usijikatie tamaa mapema. Maabara za kuonja zina vyombo vya kutemea na kila mtu hutema, hata walimu. Ila kiasi kidogo hubaki mdomoni. Kama dhamiri yako hairuhusu hata hicho, mwandikie mratibu wa kozi umuulize ni masomo gani yanatahiniwa kwa kuonja, na kama tasnifu ya udongo, magonjwa ya mzabibu au jenetiki ya hamira inaweza kukutosheleza.