Simu, kifaa cha GPS au skrini ya gari? Soma kabla hujatoa pesa

Tarehe mosi Septemba ni siku ambayo mikataba mingi ya nyumba huanza Boston, na mji mzima ni malori ya kuhamia. Mwaka mmoja siku hiyo nilikuwa kiti cha abiria cha lori moja, tunamhamisha ndugu yetu kutoka Lowell. Dereva alikuwa anafuata simu. Simu ikasema kata kulia, ingia Storrow Drive. Tulipofika mdomoni mwa barabara nikaona bango limening'inia juu yetu: magari madogo tu. Nikapiga kelele, akakanyaga breki, tukawasha hazadi, nami nikashuka kuzuia magari ili arudi nyuma. Honi zilikuwa zinalia kama harusi.

Mbele yetu kulikuwa na madaraja ya kimo cha futi 10 hivi. Lori letu lilikuwa futi 12 na kitu. Kila mwaka malori hukwama pale na paa kufunguka kama kopo la samaki, hadi wenyeji wameligeuza jina la barabara ile kuwa kitenzi. Simu yetu ilituongoza vizuri kabisa kama watu waliopanda gari dogo, maana hakuna mahali ilipotuuliza kimo cha gari.

Kwa hiyo kabla ya bei na kabla ya chapa, jiulize: naendesha nini?

Kama unaendesha lori, na ndugu zetu wengi hapa Marekani ndiyo kazi yao, nunua kifaa cha GPS cha malori. Garmin na Rand McNally wanavitengeneza. Unakiingizia kimo, urefu, uzito na aina ya mzigo, nacho kinakukwepesha madaraja mafupi na barabara zilizokatazwa. Trela za kawaida hapa zina futi 13 na inchi 6, na barabara za zamani za kaskazini mashariki hazikujengwa kwa ajili yake. Ni dola mia kadhaa, lakini paa moja la trela ni ghali zaidi, na kazi unaweza kuikosa. Zipo programu za simu za madereva wa malori, kama Trucker Path, ila mimi ningezitumia kutafuta maegesho na mafuta, njia nikaiachia kifaa. Ukinunua kilichokwisha kutumika, elewa kwamba ahadi ya "ramani za maisha" (lifetime maps) ni maisha ya kifaa, si yako. Mtengenezaji akishaacha kukihudumia, ramani zinabaki za zamani. Na hata kikiwa kipya, bango la barabarani ndilo lenye neno la mwisho.

Kwa gari dogo sioni sababu ya kununua chochote. Simu inatosha, mradi uiandae kabla ya kuondoka. Watu wengi hudhani GPS inakula data. Haili. Simu hupokea tu ishara za setilaiti, bure, hata kama haina laini. Kinachokula data ni ramani yenyewe na taarifa za foleni. Ukishapakua ramani nyumbani kwa waifai, utaongozwa hata mtandao ukikatika.

Na utakatika. Nenda Oktoba kuangalia majani yanavyobadilika rangi kwenye barabara ya Kancamagus kule New Hampshire, kati ya Lincoln na Conway: kilomita 55 hivi bila kituo cha mafuta, na sehemu kubwa haina mtandao. Kwenye Google Maps bonyeza picha yako, chagua ramani za nje ya mtandao, chora eneo, pakua. Programu za Organic Maps na HERE WeGo zinakupa jimbo zima kwa mpigo mmoja. Waze ni nzuri sana kwa foleni za mjini, lakini inahitaji mtandao ili kupanga safari, kwa hiyo usiitegemee peke yake milimani.

Nunua kishikio imara. Massachusetts, tangu Februari 2020, kushika simu ukiendesha ni faini ya dola 100 mara ya kwanza, 250 ya pili, 500 ya tatu. Uingereza ni pauni 200 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na kama hujamaliza miaka 2 tangu upate leseni, pointi hizo 6 zinakunyang'anya leseni yenyewe. Andika unakokwenda gari likiwa limesimama. Walioko Muscat na Dubai wasiweke simu juu ya dashibodi juani, kwa sababu iPhone imetengenezwa kufanya kazi katika joto la hewa lisilozidi nyuzi 35, na ikichemka skrini inazima katikati ya mzunguko wenye njia tano. Iweke mbele ya tundu la kiyoyozi.

Skrini ya gari ina faida moja ya kweli: gari linajihesabia mizunguko ya magurudumu, kwa hiyo halipotei ndani ya handaki. Zaidi ya hapo, usiongeze pesa kwa ajili ya ramani ya kiwandani. Ulizia mfumo wa CarPlay (wa iPhone) au Android Auto, uione ramani ya simu yako kwenye skrini kubwa ya gari. Magari mengi ya zamani yalipoteza taarifa za foleni mitandao ya 3G ilipozimwa hapa mwaka 2022, na wenyewe wengi hawakuwa na la kufanya.

Na kama una mpango wa kulituma gari nyumbani, ramani yake usiihesabu kabisa. Waliowahi kununua gari la Japani Dar au Mombasa wanajua: unawasha, mama mmoja anakusalimia kwa Kijapani, na skrini haina habari ya mahali ulipo. Gari la Uingereza nalo litabaki na ramani za Ulaya. Beba kishikio chako kwenye begi, na ramani ya Kenya au Tanzania uipakue kabla hujapanda ndege.